Flashi ya Zamani, Betri za Kuchaji: Vidokezo 7 vya Kukufikisha Mwisho wa Sherehe

Una Vivitar 283 ya mtumba au Nikon SB-28 uliyoachiwa na mjomba? Ishike vizuri, hiyo ni mali! Flashi hizi za betri nne za AA bado zinafanya kazi ya maana ukumbini. Kinachoumiza ni kununua betri za kutupa kila wikiendi. Hamia kwenye za kuchaji, na uanze hivi.

1. Imeandikwa 1.2? Usitishike!
Betri ya kuchaji ya NiMH ina volti 1.2, na ya kutupa ya alkalaini ina 1.5. Ukiweka nne, ni 4.8 kwa 6. Si itapwaya? Wala! Flashi ikijijaza huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na hapo volti za alkalaini huporomoka kwa sababu ya ukinzani wake wa ndani. NiMH ina ukinzani mdogo, kwa hiyo hustahimili. Utasikia mwenyewe: ule mlio mwembamba unaopanda baada ya kila picha unakatika mapema, kitaa cha nyuma kinawaka, na bibi harusi bado anatabasamu.

2. Usikimbilie namba kubwa
NiMH za zamani zilikuwa zinaisha chaji zikiwa ndani ya begi tu. Mwaka 2005 Sanyo walileta Eneloop, zinazotunza chaji kwa miezi mingi, na siku hizi kampuni nyingi zina za aina hiyo. Chukua za mAh 2000 hivi. Za ujazo mkubwa zinavutia, lakini hazidumu: Eneloop za kawaida zimetajwa na watengenezaji kuhimili kuchajiwa hadi mara 2100, zile za ujazo mkubwa mara 500. Tena nyingine ni nene kidogo, zikiingia kwenye flashi yenye nafasi finyu kuzitoa ni kazi. Na ukikuta AA ya NiMH imeandikwa 4000? Irudishe kwenye rafu, hakuna AA ya NiMH yenye ujazo huo.

3. Nne zikae pamoja daima
Kama utafuata kidokezo kimoja tu leo, fuata hiki. Chukua maka peni, andika A kwenye betri nne, B kwenye nne nyingine, C kama unazo. Zinunue pamoja, zichaji pamoja, zitumie pamoja. Kwa nini? Ndani ya flashi zimepangwa mfululizo, umeme unapita zote. Moja ikiwa dhaifu itaisha kwanza, na tatu zilizobaki zitaendelea kuusukuma umeme ndani yake kinyumenyume hadi ife kabisa. Wewe utadhani seti nzima ni mbovu, kumbe ni moja! Ndiyo maana chaja nzuri ni ile inayochaji kila betri peke yake na kujikata yenyewe ikijaa. Zile zinazolazimisha mbili mbili haziwezi kukuonyesha aliyelegea. Ukimpata, mtoe kwenye seti, mpeleke kwenye rimoti ya TV akapumzike.

4. Lithiamu ya 3.7 isikaribie!
Kuna betri ya lithiamu iitwayo 14500, ina umbo lile lile la AA. Ina volti 3.7. Nne zinakaribia 15, na flashi yako imetengenezwa kwa 6. Itaungua. Zipo pia za lithiamu za kuchaji zilizopunguzwa hadi volti 1.5, lakini baadhi hujikata flashi inapovuta umeme mwingi ghafla. Baki na NiMH.

5. Ndimu si ya pilau tu
Fungua kifuniko, tazama springi. Unaona unga mweupe au wa kijani? Ni betri ya alkalaini iliyovuja zamani, na unga huo unazuia umeme. Toa betri, chovya kijiti cha pamba ya masikio kwenye ndimu au siki, gusa taratibu. Povu likitoka, ndiyo dawa inafanya kazi. Futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Ila usiifungue flashi yenyewe: kapasita ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ikiwa imezimwa. Hiyo mwachie fundi.

6. Iamshe polepole
Flashi iliyolala kabatini miaka mingi itachelewa sana kujijaza mara ya kwanza. Usiilaumu betri. Iwashe, kitaa kikiwaka iache dakika kadhaa, kisha ipige kwa nguvu zote mara chache, ukipumzika katikati. Kapasita itarudia hali yake. Baadaye fanya hivyo walau mara moja kwa mwezi.

7. Kasi nzuri, joto baya
Kwa kuwa sasa inajijaza haraka, utatamani kupiga mfululizo. Taratibu, bingwa! Ucheleweshaji wa alkalaini ulikuwa unaipa flashi muda wa kupoa, sasa muda huo lazima uutoe wewe. Shusha hadi robo ya nguvu kama flashi yako inaruhusu, panua tundu la lenzi, pandisha ISO kidogo. Au tumia ile hali ya otomatiki ya 283: ikiona mwanga umetosha, inaukata na kuhifadhi umeme uliobaki. Picha zitaongezeka kwa chaji ile ile. Na kitaa kikianza kuchelewa kuliko mwanzo wa sherehe, badilisha seti yote mara moja wakati MC bado anatangaza matangazo, kabla hajaita keki.