Ruhusa ya Kusoma si Ruhusa ya Kugawa

Katika mlango wa masharti ya mikataba tuangalie Java na FreeBSD, mfumo huria wa kompyuta. Sun, iliyokuwa mwenye Java, iliruhusu msimbo wake usomwe. Wajitoleaji wakaurekebisha hadi ukafanya kazi kwenye FreeBSD. Lakini kugawa programu iliyokwisha kujengwa kulihitaji leseni nyingine na kufaulu majaribio ya Sun. Basi watumiaji wengi walipakua msimbo wenyewe, wakakubali masharti, wakaijengea nyumbani kwa saa nyingi. Jasho lilikuwa lao, mali ya Sun, wakashika sharti. Mwaka 2006 ndipo Sun ilipotangaza kuiweka Java chini ya leseni huria ya GPL. Sisi hosteli nzima tunakraki programu, na tunaambiana si wizi kwa kuwa hakuna kilichopungua.