Ratiba ya Mradi kwa Mchoro: Mnayoniuliza

Namna ya kuchora mstari kwenye Excel sitaieleza. Yeyote ofisini kwenu atakuonyesha. Nimechagua maswali yanayonikera, na yale yanayonitia hofu.

Mfadhili ameshasaini ratiba yetu. Tukisogeza tarehe, hatutaonekana wazembe?

Swali hili limeletwa na watu wa Nyamirambo, Musanze na Goma, kila mmoja kwa maneno yake. Nawajibu pamoja.

Hapana. Uzembe ni kuficha. Kigali ilikuwa iandae mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola Juni 2020. Korona ikaingia, ukasogezwa hadi Juni 2021, ukaahirishwa tena, ukafanyika Juni 2022. Kila mara ilitangazwa wazi, na wageni wakaja. Sasa shirika lenye mradi wa matangi mawili ya maji linaona haya kusema limechelewa wiki tatu!

Ninachokiona maofisini ni hiki: meneja anafuta mstari wa zamani, anachora mpya, anabandika karatasi ukutani kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi wa mabomba bado anashika nakala ya mwanzo. Mhasibu ana ya pili. Usifute. Acha mstari wa zamani kwa rangi ya kijivu, uchore mpya chini yake, kando uandike sababu, siku ya uamuzi na aliyeamua.

Kisha fuata mishale: kazi ipi inaisubiri ipi? Mtaro uliopangwa kuchimbwa Machi mwanzoni, kabla mvua hazijakolea, ukisukumwa wiki tatu tu unakukuta katikati ya mvua za masika, halafu tarehe 7 Aprili nchini Rwanda inaanza wiki ya maombolezo ya kitaifa ya waliouawa katika mauaji ya kimbari. Mabomba hayalazwi, majaribio ya maji hayafanyiki, mafunzo ya kamati ya maji yanakosa cha kufundishia. Wiki tatu za kwenye karatasi zimekuwa miezi miwili mtaroni. Mfadhili akiyaona hayo Machi, anaweza kusogeza fungu la fedha. Akiyaona Juni, kilichobaki ni kuulizana nani alaumiwe.

Programu gani ni bora?

Ile ambayo mhasibu wenu anaweza kuifungua.

Mshauri ametuuzia ratiba ya mistari zaidi ya mia na rangi saba. Bodi haielewi kitu.

Wala yeye haielewi. Amenakili ya shirika jingine, na nimeshaona hata jina la wilaya ya watu limesahauliwa humo. Mhandisi Mpolandi Karol Adamiecki alibuni mchoro wa namna hii mwaka 1896, na Mmarekani Henry Gantt akaeneza wake miaka ya 1910, ili msimamizi wa kiwanda aone mara moja ni kazi gani imekwama. Mchoro usioonyesha hilo rudisheni, mdai fedha zenu. Bodi ipewe ukurasa mmoja wenye matukio makubwa na tarehe za maamuzi yanayoisubiri yenyewe. Mistari ya wiki kwa wiki ni ya walioko kazini.

Tuanze ratiba Januari?

Kama mnategemea mchango wa wilaya, hapana. Mwaka wa fedha wa serikali ya Rwanda unaanza 1 Julai, na imihigo (mikataba ya utendaji) ya wilaya inaufuata. Ombi lenu lifike wakati bajeti bado inajadiliwa. Tena msipange kazi asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii.

Wanakijiji hawaelewi chati. Si tuwaeleze kwa mdomo tu?

Nani kasema hawaelewi? Wao ndio wanaojua mtaro upi hujaa maji Novemba. Chora bango kubwa kwa Kinyarwanda, badala ya robo mwaka weka misimu yao: umuhindo, urugaryi, itumba, impeshyi. Lipeleke kwenye mazungumzo ya baada ya umuganda, uwape kalamu walisahihishe. Hayo yafanyike kabla nakala haijaenda kwa mfadhili.