Dada, Nilipe Pampu?

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka Iringa ambao umenikaa moyoni. Mwenzetu ana Isuzu D-Max ya dizeli, ndiyo inayompelekea mazao sokoni. Asubuhi inawaka kwa kubembelezwa. Akipunguza mwendo kuingia kipilefti, inazima. Ikisimama bila kuzimwa, mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka wenyewe. Fundi amesikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema pampu imekufa. Bei aliyotajiwa inakaribia mkopo wake wote wa SACCOS. Anauliza: dada, nilipe?

Usilipe bado, mdogo wangu. Dalili ulizoniandikia zinaweza kutoka kwenye kitu kidogo zaidi. Ubavuni mwa pampu ya gari lako kuna vali ya umeme inayopima dizeli iingie kiasi gani. Mafundi wa pampu wanaiita SCV. Kwenye pampu za Denso zilizofungwa kwenye D-Max yenye injini ya 4JJ1, Navara ya YD25 na Pajero ya 4M41, vali hiyo inajulikana kwa kuchoka au kukwama kabla pampu yenyewe haijafika mwisho. Ikikwama, injini inapewa dizeli kidogo mno au nyingi mno, ndiyo maana inayumba na kuzima. Vali imeshikwa na bolti mbili, na inauzwa peke yake. Kununua pampu nzima kwa sababu ya vali ni kutupa hela, na inaniuma kila ninapoona inatokea, hasa kwa sisi wanawake, ambao gereji nyingi hudhani hatutauliza swali la pili.

Basi uliza swali la pili na la tatu. Filta ya dizeli imebadilishwa lini? Mipira ya dizeli imekaguliwa kama inavuta hewa? Mashine ya kupimia imechomekwa, ikasoma mgandamizo wa reli, lile bomba linalogawia nozeli dizeli, stata ikiwa inazungusha injini, na ilisoma ngapi? Fundi mwenye uhakika hatakasirika, atakuonyesha kwenye kioo. Anayekuambia "mimi nasikia kwa masikio" mshukuru, ondoka na gari lako.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi: pampu imekufa kweli, halafu wewe unabadilisha pampu peke yake.

Pampu hizi za mfumo wa komonireli zinasukuma dizeli kwa mgandamizo wa baa 1,600, nyingine zaidi ya 2,000. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu. Ndani ya pampu nyingi za aina hii hakuna oili ya injini: vyuma vinavyosuguana vinalainishwa na dizeli ileile inayopita. Dizeli ikiwa kavu, au ina maji, vyuma vinakwanguana, na chenga zake hazibaki pale. Zinakwenda kwenye reli, zinaingia kwenye nozeli, nyingine zinarudi na bomba la marejeo hadi kwenye tenki. Ukifunga pampu mpya juu ya uchafu huo, unaiwekea sumu kinywani.

Wamarekani wamelipia somo hili kwa gharama kubwa. Pampu ya Bosch iitwayo CP4 ilifungwa kwenye pikapu za Ford zenye injini ya 6.7 kuanzia 2011, na kwenye Duramax za GM za 2011 hadi 2016. Ndani yake kuna rola inayotembea juu ya kemu. Rola ikigeuka upande, haibingiriki tena, inasaga. Wenye magari wengi walijikuta wanaletewa bili ya kuzidi dola 8,000, kwa sababu ilibidi kubadilisha karibu kila kitu dizeli inapopita, na kesi zikaenda mahakamani. Ram nao waliiweka CP4 kwenye pikapu zao za Cummins za 2019 na 2020. Mwaka 2021 wakaita zaidi ya magari 220,000 na kurudishia pampu ya zamani, CP3.

Sababu moja inayotajwa sana ni dizeli yenyewe. Kiwandani, salfa inapotolewa ili moshi uwe safi, vinatoka pia viini vinavyoipa dizeli utelezi wake wa asili, na inabidi kiongezwe kitu cha kuurudisha. Utelezi huo hupimwa kwa kusugua kipira cha chuma ndani ya dizeli na kupima kovu linalobaki. Ulaya kovu lisizidi maikroni 460. Marekani wameruhusu hadi 520. Pampu ilikuwa ya Ulaya, dizeli ikawa ya Marekani.

Kwetu Afrika Mashariki tulishuka hadi salfa ya ppm 50 mwaka 2015, na kwa mapafu ya watoto wetu ni jambo jema sana. Adui yetu mkubwa ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yanayochanganywa kwenye dizeli hayana utelezi wa kutosha kwa pampu hizi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba, alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010, ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka uliofuata. Kenya nayo ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Hatua hizo zimesaidia kwenye sheli. Hazijagusa madumu yanayouzwa kandokando ya barabara kuu, dizeli iliyonyonywa kwenye malori usiku. Landkruza ya zamani ya 1HZ inaweza kuvumilia mambo mengi. Hiyo yako mpya usiijaribu, hata kama mshale unagusa chini na sheli iko mbali. Jaza mapema, tenki likiwa robo.

Sasa, utajuaje pampu imetema chuma? Mwambie fundi afungue ile vali ya SCV mbele yako, aiweke kwenye kitambaa cheupe. Shika simu, washa tochi, inama uangalie chujio lake dogo. Kama limegeuka rangi ya kahawia au lina utando, huo ni uchafu na maji, bado una nafasi. Kama kuna chenga zinazong'aa kama urembo wa kope, usiwashe gari tena hata kuliingiza kivulini. Hapo kazi ni tenki kushushwa na kuoshwa, mabomba kusafishwa, reli kufunguliwa, nozeli kupelekwa kwenye benchi kupimwa moja moja, na filta mpya. Ni hela nyingi, najua. Heri gari likae nyumbani miezi mitatu ukichanga kuliko kulipa pampu mara mbili.

Kwa ambao magari yenu bado ni mazima: filta badilisheni kila kilomita 10,000 kwa mafuta yetu na vumbi letu, na maji yaliyotuama chini ya filta yamwagwe kila mnapobadilisha oili. Filta ikishafungwa, pampu ndogo ya mkono ya kujazia dizeli ibonyezwe mpaka iwe ngumu, ndipo ufunguo uzungushwe. Risiti ya sheli tunzeni. Mkihisi gari limebadilika mara baada ya kujaza, chukueni dizeli kidogo kwenye chupa safi inayoonyesha ndani, muandike tarehe na sheli, maana EWURA, wadhibiti wa mafuta Tanzania, wanapokea malalamiko, na malalamiko bila sampuli hayafiki mbali.

Na yule muuza mafuta akikosea akakuwekea petroli, usizungushe ufunguo hata nusu. Kwenye magari mengi ufunguo ukifika hapo tu, pampu ya ndani ya tenki inaanza kusukuma. Liache papo hapo, lisukumwe kando kwa mikono, tenki limwagwe.