Usalama wa Mchezaji Huanza na Wazo la Gemu
Kijitabu cha elimu kwa wabunifu wa gemu, kampuni na wazazi

Siku sita za kimya

Tarehe 20 Aprili 2011 kampuni ya Sony ilizima mtandao wa PlayStation duniani kote. Wachezaji waliwasha mashine zao, wakashindwa kuingia, wakadhani ni hitilafu itakayokwisha usiku uleule. Siku zikapita. Tarehe 26 ndipo walipoambiwa kwamba kati ya tarehe 17 na 19 wadukuzi walikuwa ndani ya seva za kampuni, na kwamba majina, anwani, barua pepe, tarehe za kuzaliwa na nywila za akaunti zipatazo milioni 77 zilikuwa zimefikiwa. Kuhusu kadi za benki, Sony ilisema haikuwa na ushahidi kwamba zimechukuliwa, ila haikuthubutu kusema kwamba hazikuchukuliwa.

Mtandao ulianza kurudi katikati ya Mei. Kazuo Hirai, aliyekuwa akiongoza kitengo cha michezo, alikuwa tayari ameinama mbele ya waandishi wa habari mjini Tokyo kuomba radhi. Kampuni ilikadiria hasara ya yen bilioni 14. Januari 2013 Ofisi ya Kamishna wa Taarifa ya Uingereza iliitoza faini ya pauni 250,000, ikieleza kwamba shambulio lile lingeweza kuzuilika kama programu zake zingekuwa zimesasishwa.

Tunaanza na kisa hiki kwa sababu mchezaji hakukosea popote. Hakubofya kiungo cha matapeli wala hakumnong'oneza mtu nywila yake. Alifungua akaunti kama alivyoagizwa, akacheza mpira na wenzake. Elimu nyingi ya usalama mtandaoni humlenga yeye: badili nywila, usimwamini mgeni, soma masharti. Ushauri huo ni mzuri, lakini haumfikii mwenye seva. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kijitabu hiki inamhusu anayebuni gemu na kampuni inayoiuza. Mzazi na mchezaji tumewawekea sehemu yao mwishoni.

Kila wazo linabeba data

Mbunifu akikaa na daftari lake huandika vitu vya kufurahisha: wachezaji washindane, wapate zawadi, waalike marafiki. Mara chache huandika pembeni kila wazo litahitaji kujua nini kuhusu mtu. Hapo ndipo hatari inapoingia, miezi mingi kabla ya mdukuzi yeyote kusikia kuhusu gemu hiyo.

Tuseme kijana wa Mwanza anatengeneza gemu ya bao kwenye simu. Mashimo 32, kete 64, namua na mtaji kama wazee wanavyocheza. Akiishia hapo, mtu mmoja akicheza dhidi ya simu yake, gemu haihitaji kujua chochote. Haihitaji jina, intaneti wala akaunti. Hakuna cha kuiba.

Kisha anataka watu wacheze wakiwa mbali, mmoja Mwanza na mwingine Mombasa. Sasa inabidi kila mchezaji atambulike, na njia rahisi inayomjia ni kuomba namba ya simu na ruhusa ya kusoma orodha nzima ya majina kwenye simu. Lakini orodha ile ina shangazi, fundi, daktari na mkopeshaji; watu ambao hawajawahi kusikia habari za gemu hiyo wala hawajaulizwa. Kazi hiyohiyo inafanywa na msimbo mfupi wa mwaliko: mchezaji anaupata, anamtumia mwenzake kwa WhatsApp, wanakutana ubaoni. Gemu haijamjua mtu mwingine yeyote.

Anataka pia ubao wa washindi wa kila mkoa. Kishawishi ni kuchukua mahali alipo mchezaji kwa setilaiti kupitia simu yake, mpaka mtaa na nyumba. Kwa nini, wakati mchezaji anaweza kuchagua mwenyewe "Mwanza" kwenye orodha? Kama mtu wa Kigoma ataamua kuichezea Mwanza, ubao hautaharibika. Ila kumbukumbu za mahali mtoto alipokuwa kila jioni zikivuja, hakuna faini inayoweza kuzirudisha.

Mwishowe anataka kuuza kete za dhahabu kwa pesa ya simu. Aiachie kampuni ya pesa ya simu ishughulikie malipo, yeye abaki na namba ya muamala na akaunti iliyolipiwa. Namba ya siri ya mteja haipaswi hata kupita kwenye skrini ya gemu yake.

Kwa kila kipengele, swali ni moja: tusipokuwa na data hii, gemu itashindwa kuchezeka? Jibu likiwa hapana, isiombwe. Wapo wanaosema ikusanywe tu, huenda ikafaa baadaye. Tunawaomba waache kabisa tabia hiyo. Data inayowekwa bila kazi huwa inamngoja mwizi tu.

Ubunifu uliowakinga watoto

Mwezi Novemba 2020 kampuni ya Marekani iitwayo WildWorks, inayotengeneza gemu ya watoto ya Animal Jam, iligundua kwamba kumbukumbu za akaunti zipatazo milioni 46 zilikuwa mikononi mwa wezi. Wadukuzi walikuwa wamepenya kwenye huduma ya kampuni nyingine ambayo wafanyakazi wa WildWorks waliitumia kuwasiliana. Humo wakakuta ufunguo wa hifadhidata. Yaani gemu yenyewe haikuvunjwa. Siri iliachwa kwenye maongezi ya kazini.

Kilichovuja kilikuwa kingi: majina ya kuchezea, nywila zilizofichwa kwa kanuni, na anwani za barua pepe za wazazi zipatazo milioni 7. Lakini kampuni iliweza kusema jambo ambalo Sony haikuweza kulisema, kwamba hakuna jina halisi la mtoto lililovuja. Tangu awali gemu iliwataka watoto wajipe majina ya kubuni, na palikuwa na watu wa kuyakagua ili mtoto asitumie jina lake la kweli. Uamuzi huo wa ubunifu uliwakinga watoto siku ambayo kinga nyingine zote zilikuwa zimeshindwa.

WildWorks ilifanya jambo jingine tunalolisifu. Ilitangaza ndani ya siku chache, ikaeleza nini kimechukuliwa na nini hakikuchukuliwa, ikalazimisha kila mtu abadili nywila. Haikungoja waandishi wa habari waifichue.

Kutunza kile ulichokichukua

Nywila haipaswi kuwekwa jinsi ilivyoandikwa. Hupitishwa kwenye kanuni ya hesabu inayoigeuza mfuatano wa herufi na tarakimu, na kama unga usivyorudi kuwa punje za mahindi, mfuatano ule haurudishwi kuwa nywila. Mdukuzi hubaki na njia ya kubahatisha: anachukua maneno yanayopendwa, anayapitisha kwenye kanuni ileile, analinganisha. Kwa hiyo kila nywila huongezewa kwanza herufi za nasibu, tofauti kwa kila mchezaji, ili watu wawili wenye "123456" wasifanane kwenye hifadhidata. Kanuni yenyewe iwe ya polepole kwa makusudi, mfano bcrypt au Argon2, ili kubahatisha mara bilioni kuwe ghali. Kanuni za zamani ziendazo kasi hazifai tena kwa kazi hii. Huyo kamishna wa Uingereza aliigusa hoja hii pia katika kesi ya Sony: teknolojia ilikuwa imesonga mbele, na nywila hazikuwa salama tena kwa namna zilivyotunzwa.

Milango ya zamani nayo ifungwe. Mwaka 2020 Nintendo ilitangaza kwamba akaunti zipatazo 160,000, na baadaye jumla 300,000, ziliingiliwa kupitia mfumo wa kuingilia uliobuniwa kwa mashine zake za kizazi kilichopita, Wii U na 3DS. Mfumo ule ulikuwa bado umeunganishwa na akaunti mpya. Kampuni ikauzima na kuwashauri watu watumie uthibitisho wa hatua mbili. Kampuni ndogo inayobadilisha mfumo kila mwaka ijiulize ni milango mingapi ya aina hiyo imeiacha nyuma.

Kitufe kilichowashwa tangu mwanzo

Watu wengi hawabadilishi mipangilio waliyoikuta. Kwa hiyo anayeamua mpangilio wa mwanzo ndiye anayeamua maisha ya wachezaji wake walio wengi, na watoto kuliko wote.

Katika Fortnite, gemu ya kampuni ya Epic Games, maongezi ya sauti na ya maandishi yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo, na watoto wakipangwa kucheza na watu wazima wasiowajua. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilidai kwamba tangu 2017 wafanyakazi wa kampuni yenyewe walishauri maongezi ya sauti yazimwe mpaka mchezaji atakapoyawasha. Kitufe cha kuzima kilipowekwa, kilikuwa kigumu kukiona. Desemba 2022 Epic ilikubali kulipa dola milioni 520: milioni 275 kwa kukiuka sheria ya faragha ya watoto, na milioni 245 za kuwarudishia watu waliovutwa na mpangilio wa vitufe hadi wakanunua bila kukusudia. Ikaamriwa pia kwamba maongezi ya watoto na vijana yawe yamezimwa tangu mwanzo.

Wafanyakazi wale walikuwa wameliona tatizo mapema. Tunawaambia wabunifu vijana walioajiriwa: ukiona jambo kama hilo, liandike, lipeleke kwa mkuu wako, na uhifadhi nakala. Nanyi wakuu, maandishi ya namna hiyo yasomeni.

Data zikishavuja

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka kampuni imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu itambue uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wahusika. Inagusa pia kampuni zisizo na ofisi Kenya ikiwa zinachakata data za watu walioko Kenya, na inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data za mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, chini ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021. Gemu ikiwa ya wanafunzi watatu wenye kompyuta moja ya kushirikiana, sheria inawahusu nao.

Tangazo la uvujaji liandikwe kwa lugha ambayo mama mwenye duka ataielewa: nini kimetokea, lini, data zipi zimechukuliwa, kampuni imefanya nini, mchezaji afanye nini leo. Lipelekwe pale mchezaji alipo, ndani ya gemu na kwa ujumbe. Maneno ya "huenda baadhi ya taarifa ziliathirika" hayamsaidii mtu kuamua kama abadili nywila ya barua pepe yake. Rasimu iandaliwe mapema, kabla ya hofu, na ijulikane nani atakayeitia saini saa nane za usiku.

Kwa mzazi na mchezaji

Kwetu mtoto mara nyingi huchezea simu ya mzazi, simu ileile yenye pesa, meseji za benki na picha za familia. Kabla ya kumpa, fungua mipangilio ya simu uangalie ruhusa za gemu. Gemu ya kukimbia au ya kupanga rangi haina sababu ya kusoma meseji zako wala majina ya watu wako. Ruhusa hizo zifute. Gemu zinazorushwa kutoka simu hadi simu, au zilizochezewa ili zitoe sarafu za bure, usiziweke kwenye simu yenye pesa, maana hujui aliyezibadilisha ameingiza nini ndani. Nywila ya gemu isifanane na ya barua pepe. Kwenye vibanda vya gemu, anayeingia kwa akaunti yake ahakikishe ametoka kabla ya kuinuka.

Ukihisi kampuni imevujisha au imetumia vibaya data zako au za mwanao, iandikie kwanza uiulize inazo data gani, na uombe zifutwe. Hifadhi picha za skrini na tarehe ya kila ujumbe. Isipokujibu, au jibu lisipokuridhisha, peleka malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiwa Tanzania, au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ukiwa Kenya. Ambatisha picha hizo, taja jina la gemu na la kampuni iliyoitoa kama yalivyoandikwa kwenye duka la programu, na ueleze kwa ufupi madhara yaliyokupata.