Friji Nzima Asubuhi, Mgonjwa Jioni: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu za Stima Nyumbani

Huenda jambo hili limewahi kukupata. Saa mbili usiku friji inalia klik, inanguruma sekunde chache, inanyamaza, kisha baada ya dakika kadhaa inaanza tena. Asubuhi unaikuta iko sawa. Unaipakia kwenye tuktuk hadi kwa fundi mjini, fundi anaiwasha, na inafanya kazi siku nzima mbele ya macho yake. Anabadilisha kitu fulani hata hivyo, unalipa, unairudisha nyumbani Uriri au Ndhiwa, na jioni ugonjwa ni ule ule. Kwa mama anayeuza mbuta au maziwa, usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kula faida ya wiki.

Somo la toleo hili ni jinsi ya kuihoji hitilafu kabla ya kufungua mkoba. Vifaa vingi vinavyoonekana kuwa na vituko havina ubovu wowote. Kinachovisumbua ni stima inayoingia ndani ya nyumba, au nyaya zilizo ukutani. Kifaa kibovu kwa kawaida huwa kibovu mchana na usiku, kwako na kwa fundi. Kwa hivyo kuna maswali matatu ya kujiuliza: hitilafu hutokea saa ngapi? Hutokea kwenye soketi gani? Na je, ni kifaa hicho peke yake, au taa na vifaa vya jirani navyo hubadilika wakati huo huo? Andika majibu kwenye karatasi kwa siku tatu. Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Stima inayopungua jioni

Nyumba za Kenya huletewa stima ya volti 240. Hicho ndicho kiwango kinachokusudiwa. Kinachofika kwako ni jambo jingine. Stima husafiri kutoka kwenye transfoma kwa waya, na kadiri waya unavyokuwa mrefu na watumiaji wanavyokuwa wengi, ndivyo volti zinavyopungua njiani. Nyumba ya mwisho kwenye laini hupata makombo, kama bomba la maji la mwisho mlimani. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku kila mtu anapika, anapiga pasi na kutazama runinga, na hapo ndipo makombo huwa machache zaidi. Ukiwa karibu na kinu cha posho au fundi wa kuchomelea vyuma, utaona mshuko kama huo hata mchana, kila mashine inapowashwa. Wengine hushangaa hali hii itokee Migori, kaunti yenye kituo cha kuzalisha stima cha Gogo kwenye mto Kuja. Lakini kuishi karibu na mitambo hakukupi volti nzuri. Kinachoamua ni umbali wako na transfoma, na idadi ya mnaoitegemea.

Athari zake hutofautiana kutoka kifaa hadi kifaa, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Birika au pasi kwenye volti 200 hutoa takriban asilimia 70 tu ya joto lake la kawaida, kwa hivyo chai inachelewa kuchemka nawe unadhani birika limezeeka. Runinga ya kisasa huvumilia, mara nyingine hujizima na kujiwasha. Balbu za zamani zingekuonya kwa kufifia, lakini balbu nyingi za LED huendelea kuwaka vilevile hata volti zikishuka sana, hivyo unaona mwanga mzuri na kuamini stima iko sawa. Friji ndiyo huumia zaidi. Kompresa yake ni mota, na mota inahitaji nguvu nyingi pale inapoanza. Volti zikipungua, inasukuma bila kuzunguka, inapata joto, na kinga yake ndogo inakata stima ili isiungue. Hiyo ndiyo klik unayoisikia. Ikirudia hivyo kila usiku kwa miezi, hatimaye kompresa huungua kweli, na hapo ndipo fundi hupata kazi halali.

Basi mwombe fundi aje jioni, siyo saa sita mchana. Apime volti mahali pawili huku friji ikiwa inawaka: karibu na mita, kisha kwenye soketi ya friji. Volti zikiwa chini karibu na mita, tatizo liko nje, na hakuna fundi wa friji atakayelitatua. Ungana na majirani mripoti. Zikiwa nzuri karibu na mita lakini chini kwenye soketi, tatizo liko ndani ya nyumba: waya mwembamba, kiungo kilicholegea, au ekstensheni iliyobebeshwa mzigo wa nyumba nzima. Plagi inayopata moto ukiitumia ni dalili ya kiungo kilicholegea. Usiifunge kwa karatasi ili ikae, badilisha soketi.

Hapa niseme jambo moja kuhusu maduka. Kile kifaa kidogo kinachouzwa kwa jina la friji gadi hukata stima volti zikishuka au kupanda kupita kiasi. Kinalinda, lakini hakiongezi volti. Kinachojaribu kuinua volti ni stebilaiza, ambayo ni nzito na ghali zaidi. Watu wengi hununua cha kwanza wakitarajia kazi ya cha pili, kisha hulalamika kwamba friji sasa haiwaki kabisa jioni. Kifaa kinafanya kazi yake.

Balbu zikiwaka kupita kiasi, zima kila kitu

Hali hii ni tofauti na ni ya haraka. Ghafla balbu zako zinang'aa kuliko kawaida, chaja inanuka, runinga inapasuka kwa ndani, huku nyumba ya pili kwenye ploti hiyo hiyo taa zake zimefifia. Mara nyingi watu husema ni stima ya nguvu imeletwa. Sababu ya kawaida ni waya wa nyutro uliokatika au kulegea.

Transfoma nyingi za mijini na kwenye senta za soko hutoa nyaya tatu za moto na mmoja wa nyutro. Nyumba ya kawaida hupewa waya mmoja wa moto pamoja na nyutro, na kati yao kuna volti 240. Kati ya waya wa moto na mwenzake kuna volti 415. Nyutro ikikatika, nyumba zilizo kwenye nyaya tofauti za moto huanza kugawana hizo 415 kwa fujo: yenye vifaa vichache inapata nyingi, yenye vifaa vingi inapata kidogo. Ndiyo maana mmoja anaunguza runinga huku jirani akilalamika giza. Vaa viatu vikavu, zima swichi kuu, waambie majirani wazime, kisha ripoti. Usiwashe tena kwa sababu tu taa za jirani zimerudi kawaida kwa muda. Kiungo kilicholegea hushika na kuachia kila upepo unapovuma.

Friji inayouma

Katika hitilafu zote za makala haya, hii ndiyo inayoua, na ndiyo watu huizoea. Ukigusa mwili wa friji, mpini wa pasi au bomba la shawa ya moto unasikia kama sisimizi wanakutembea. Watoto wanaambiwa wavae slipa kabla ya kufungua friji, na maisha yanaendelea. Kisha siku moja sakafu ya simiti ina maji, mtu hana viatu, na yale yaliyokuwa masisimko yanakuwa stima kamili.

Kifaa chenye mwili wa chuma hutakiwa kuwa na waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita athi. Kazi yake ni kuipeleka ardhini stima yoyote inayovuja, badala ya kukusubiri wewe. Ukisikia kifaa kinauma, stima inavuja na pia athi haifanyi kazi. Huenda soketi ina matundu matatu lakini ya tatu haijaunganishwa popote. Huenda fimbo ya shaba iliyozikwa nje imeng'olewa, au udongo wake umekauka kiangazi. Huenda mtu amekata pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye adapta. Na kuna mafundi ambao, swichi ya usalama ikianguka mara kwa mara, hukata waya wa athi ili isianguke tena. Ukimwona anafanya hivyo, msimamishe papo hapo, kwani swichi hiyo ilikuwa inakuambia ukweli.

Kifaa kinachouma kichomoe leo na kisirudishwe hadi kipimwe. Usijaribu kwa kidole kuona kama bado kinauma. Katika nyumba za mabati, angalia pia pale waya wa kutoka nguzoni unapoingilia. Ukisugua ukingo wa bati hadi ngozi yake ichubuke, ukuta mzima unaweza kuwa na stima, pamoja na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa hapo. Na kama kisanduku chako cha swichi kina kitufe chenye herufi T, kibonyeze mara moja kwa mwezi. Swichi ikianguka, kinga iko hai. Isipoanguka, ita fundi.

Balbu inayowaka ikiwa imezimwa

Hii huwatia watu hofu ya mambo mengine kabisa. Umezima swichi, umelala, lakini balbu ya LED inatoa mwanga hafifu, au inapepesa mara moja kila baada ya sekunde kadhaa. Maelezo yake ni mepesi. Balbu hizi zinahitaji stima kidogo sana, na wakati mwingine nyaya mbili zilizolala pamoja ukutani hupitishiana kiasi kidogo kinachotosha kuipepesa. Hapo hakuna hatari kubwa. Lakini sababu nyingine ni kwamba aliyefunga nyaya alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Taa inazimika, ila stima inabaki kwenye kishikio cha balbu muda wote, ikimngoja atakayepanda kiti kubadilisha balbu. Fundi mwenye testa hujua ni ipi kati ya hizo mbili kwa dakika chache. Kabla hajaja, usibadilishe balbu bila kuzima swichi kuu.

Tokeni zinazoisha bila kutumika

Kwenye mita nyingi za tokeni kuna taa ndogo nyekundu, na kando yake pameandikwa inapepesa mara ngapi kwa uniti moja, kwa mfano 1000. Kwa mita kama hiyo, mpepeso mmoja kila sekunde 36 ni sawa na wati 100 zinazotumika.

Chomoa kila kitu, zima taa zote, kisha tazama. Taa ikiendelea kupepesa, zima sasa swichi kuu. Ikiacha, stima inavuja ndani ya nyumba yako, na pa kuanzia kutafuta ni waya uliozikwa kwenda jikoni la nje au chooni. Ikiendelea hata swichi kuu ikiwa imezimwa, kuna kitu kimeunganishwa kati ya mita na swichi hiyo, pengine nyumba ya mtu mwingine. Usipande kukata. Piga ripoti.

Kabla ya kulaumu stima, tazama na friji yenyewe. Banisha karatasi kwenye mlango. Ikichomoka bila kukazwa, mpira wa mlango umechoka. Geuza nyuma usafishe vumbi. Wanaoishi Mbita, Sori na Muhuru Bay wanajua wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda kama moshi juu ya maji. Wakivutwa na taa usiku, huishia nyuma ya friji na kwenye matundu ya runinga, na friji hupoteza nguvu ya kupoa. Mijusi nao huingia kwenye vifaa kufuata joto.

Radi na stima inaporudi

Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Chomoa vifaa mawingu yakiwa bado mbali, pamoja na waya wa antena, ambao wengi huusahau. Radi zikishakuwa juu yako, acha plagi zilivyo na ukae mbali nazo.

Stima ikipotea, zima friji na runinga kwenye soketi. Tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipokosa stima usiku, wengi waliacha kila kitu kimewashwa kikisubiri. Stima hurudi ikiyumba, na friji inahitaji kama dakika tano za kupumzika kabla kompresa haijaanza tena. Subiri taa itulie, kisha washa kimoja kimoja.

Kuhusu fundi, mamlaka ya EPRA ndiyo hutoa leseni kwa mafundi wa stima, na una haki ya kuomba kuiona. Hitilafu za nje ya nyumba, yaani nguzo, transfoma na mita, hushughulikiwa na Kenya Power. Ripoti kwa kubonyeza *977# au kupiga 97771. Taja namba ya mita, saa hasa hitilafu inapotokea, na kama nyumba za jirani zimeathirika. Mkiripoti nyumba tano zenye saa ile ile, kila mmoja kwa namba yake ya mita, ni rahisi zaidi kujulikana kwamba tatizo ni la laini. Hifadhi namba ya ripoti unayopewa, kwani ukipiga tena ndiyo utakayoulizwa kwanza.