Kompyuta Nzito? Anza kwa Kuchomoa

Mteja wangu wa kwanza asubuhi alikuja kuomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kupitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali ya Rwanda. Tukajaza jina, kishale kikaganda. Kikarudi, kikaganda tena. Yeye akalaumu intaneti, mimi nikaitukana mashine kimoyomoyo. Mkosaji alikuwa chini ya meza: kebo ya skana, imekanyagwa na mguu wa kiti hadi nyaya zinachungulia. Nilipoichomoa, kishale kikakimbia.

Nina meza mbili za kuchapa na kutoa fotokopi hapa Gahanga, kando ya barabara iendayo Nyamata, na wanaokuja kuniambia "kompyuta yangu imezeeka" ni wengi. Wengine huwa wameshaambiwa waongeze RAM. Kabla hujatoa faranga mfukoni, jaribu haya.

1. Chomoa kila kitu. Namaanisha kila kitu: printa, skana, flashi, diski ya nje, kamera, maus, hata simu unayoichaji. Zima, washa, fanya kazi dakika kumi. Ikiwa nyepesi, rudisha kimoja, ngoja kidogo, kisha kingine. Ukirudisha vitatu kwa pamoja umeharibu uchunguzi. Na tega sikio: ile sauti ambayo Windows hutoa kifaa kinapoingia au kutoka ikilia yenyewe mara kwa mara bila wewe kugusa kitu, kuna kebo au tundu bovu.

2. Mshuku sana diski ya nje. Nyingi hulala zisipotumika. Wewe unabofya kuhifadhi barua yako tu, lakini Windows inataka kukuonyesha diski zote ilizonazo, kwa hiyo inaibishia hodi ile iliyolala na kuganda mlangoni mpaka iamke na kuanza kuzunguka. Hizo ni sekunde chache, na si ugonjwa. Ugonjwa ni diski inayotoa mlio wa tik, tik, tik: imeshindwa kusoma mahali fulani na inarudia tena na tena, huku mashine nzima ikiisubiri. Mwalimu mmoja aliniletea ya namna hiyo, ina mitihani ya miaka minne, akaniomba niifomati ili iwe nyepesi. Nilikataa. Diski ikianza kulia, hamisha vilivyomo kwanza, vya muhimu mbele. Mengine baadaye.

3. Chaja pia ni kifaa cha nje. Hili huwashangaza watu. Laptopu nyingi za Dell huitambua chaja kwa pini nyembamba iliyo katikati ya kichwa chake. Pini ikipinda, au ukinunua chaja ya bei ya chini isiyotambulika, mashine itawaka vizuri tu, lakini betri haitachaji na prosesa itashushwa kasi makusudi. Mtu anafomati, anaweka Windows upya, uzito uko palepale. Kipimo chake ni rahisi: ikiwa na chaji ya kutosha, itoe kwenye umeme. Ikiwa inakuwa nyepesi kwa betri na nzito kwa chaja, umeshampata mkosaji. Baadhi ya mashine hata huandika onyo kuhusu chaja zinapowaka, ila sisi hubonyeza tu lipite.

4. Usifanyie kazi ndani ya flashi. Nakili faili kwenye kompyuta, lihariri huko, kisha ulirudishe. Flashi nyingi za bei nafuu husoma haraka na kuandika kwa kusuasua, ndiyo maana Word inaganda kila unapohifadhi. Picha elfu mbili za harusi? Zifunge kwanza kuwa faili moja la zip, kwa sababu vifaili vingi vidogo huchosha flashi kuliko faili moja kubwa. Angalia na tundu: USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0 ni gigabiti 5. La pili mara nyingi lina ulimi wa buluu, ingawa si kila mtengenezaji anafuata rangi hiyo.

5. Printa iliyozimwa yenye kazi kwenye foleni nayo inaweza kukugandisha, hasa ukifungua hati. Futa foleni. Ikikataa kufutika, iwashe upya huduma iitwayo Print Spooler.

6. Kigawanyio cha USB hakizalishi umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa miliampea 500, la 3.0 miliampea 900. Ukichomeka hapo diski, simu na kifeni, wote wanagombania kikombe kimoja cha chai. Diski ipe tundu lake.

7. Wakati mwingine kompyuta haina kosa. Maus isiyotumia waya inaporukaruka, mtu huapa kuwa mashine ni nzito. Vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio karibu na gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya maus nyingi za aina hiyo. Kihamishe kile kidude cha maus hadi upande wa pili, mbali na diski. Nimewahi kulipwa soda kwa kazi hiyo, na nikaona aibu kidogo kuipokea.

8. Umechomoa vyote na uzito bado upo? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Mstari wa System interrupts ukila asilimia kubwa ya prosesa hata baada ya kuchomoa vyote, tatizo huenda ni draiva au kifaa cha ndani. Diski ikisimama kwenye asilimia 100 muda wote, hapo sasa zungumza na fundi kuhusu SSD.

Na ukienda kwa fundi, beba laptopu pamoja na chaja, maus na diski yake. Ukimpelekea laptopu peke yake ataiona nzima, atakurudishia, na wewe utakuwa umelipa nauli ya pikipiki bure.