Kabla Hujaitaja Maada ya Giza, Chunguza Madoa

Umeletewa mchoro wa mng'ao wa eksirei wa nyota ya nyutroni, ukaambiwa umbo lake limeathiriwa na maada ya giza, ile isiyotoa nuru wala kuizuia. Usikubali haraka, wala usikatae. Kwanza elewa mchoro wenyewe.

Nyota hii ni tufe lenye upana wa kilomita 25 hivi, lakini lina tungamo kubwa kuliko Jua. Usoni mwake kuna madoa ya moto. Inapozunguka, doa likitugeukia mng'ao hupanda, likienda kisogoni hushuka. Ila haushuki hadi chini kabisa, kwa kuwa mvutano wa nyota huipinda nuru, nasi tunaona hata sehemu ya kisogo. Maada ya giza ikiizunguka nyota kama utando mzito, nuru hupindwa na utando huo pia ikishaondoka usoni, na mabonde ya mchoro hubadilika kina. Maada hiyo ikizama kiinini, nyota yenyewe husinyaa.

Basi shuku madoa kwanza. Mwaka 2019, vipimo vya darubini ya NICER viliipa nyota ya nyutroni PSR J0030+0451 nusukipenyo cha kilomita 13 hivi. Uchambuzi wa 2024 ukatoa majibu mawili, 11.7 na 14.4, kutegemea umbo la madoa lililokisiwa. Tofauti ya karibu kilomita tatu, na maada ya giza haijatajwa popote!

Pili, chagua nyota ya nyutroni yenye nyota mwenza tulivu. Usianze na zile zinazomwagiwa gesi na mwenza, kama Centaurus X-3, ambayo setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, iliikuta ikipiga kila sekunde 4.8; gesi hiyo huvuruga hesabu. PSR J0740+6620 inafaa zaidi. Mawimbi yake ya redio huchelewa kidogo yakipita karibu na mwenza wake, na kwa njia hiyo tungamo lake limepimwa: takriban mara 2.08 ya Jua. Kipimo hicho kingehesabu na utando, kama upo.

Sasa piga hesabu ya mng'ao mara mbili, bila utando na ukiwa na utando, huku ukibadilisha madoa kila mara. Tofauti ikigoma kuondoka, hapo una jambo la kufuatilia. Ningependa tulifuatilie karibu na kitovu cha galaksi yetu, ambako maada ya giza inatarajiwa kuwa nyingi zaidi, lakini gesi na vumbi la njiani humeza eksirei za nishati ndogo tunazozihitaji.